Ukuta Usio na Chokaa: Ohinga za Migori na Homa Bay katika Sanaa ya Kidijitali

Utangulizi

Katika uhakiki wa Kiswahili, neno "sanaa" limechukuliwa kwa muda mrefu kuwa ni mali ya maneno: ushairi, riwaya, tamthilia na fasihi simulizi. Sanaa ya ujenzi imeachiwa wataalamu wa mambo ya kale na wanahistoria. Mgawanyo huo ulivumilika wakati jengo lilipokaa mahali pake na kitabu kikakaa rafuni. Leo hauvumiliki tena, kwa sababu jengo nalo limeanza kusafiri. Linapimwa kwa mwanga wa leza, linajengwa upya ndani ya kompyuta, linapambwa kwa rangi na vivuli, kisha linapelekwa kwa watazamaji ambao hawajapata kukanyaga ardhi lilikosimama. Jengo lililogeuzwa picha namna hiyo limekuwa kazi ya sanaa kwa maana kamili ya neno, na kazi ya sanaa haina budi kuhakikiwa.

Makala haya yanakusudia kuchunguza suala moja katika uwanja huo mpana, nalo ni kubuniwa upya, kwa njia ya kidijitali, kwa kuta za mawe yasiyotiwa chokaa zilizomo katika kaunti za Migori na Homa Bay, magharibi ya Kenya. Hoja itakayotetewa ni kwamba msanii ana haki ya kubuni atakavyo, ila ubunifu wake hupimwa kwa mambo mawili: kanuni iliyousimamisha ukuta wenyewe, na lugha za watu walioupa jina. Palipokosekana moja kati ya hayo, kinachobaki ni pambo.

Ukuta na Kanuni Yake

Mfano mkubwa na uliohifadhika kuliko yote ni Thimlich Ohinga, kiasi cha kilomita 46 kaskazini-magharibi ya mji wa Migori. Kuta zake zinakisiwa kuwa zilianza kujengwa katika karne ya 16, na desturi ya kuishi ndani ya mazingira ya namna hiyo iliendelea katika eneo hilo hadi katikati ya karne ya 20. Mwaka 1981 mahali hapo palitangazwa kuwa mnara wa taifa. Mwaka 2000 pakatajwa katika orodha ya Mfuko wa Minara ya Dunia ya mahali palipo hatarini. Hatimaye, mwaka 2018, Kamati ya Urithi wa Dunia ilipokutana Manama, Bahrain, pakaingizwa katika orodha ya urithi wa dunia. Ndani ya eneo la hekta 21 zimo ohinga nne kubwa, kila moja na viambatisho vyake: Kochieng, Kakuku, Koketch na Koluoch. Lakini Thimlich si pekee. Watafiti waliopita katika iliyokuwa Nyanza Kusini, tangu maelezo mafupi ya Neville Chittick ya mwaka 1965 hadi uchunguzi mpana zaidi wa miaka ya baadaye, wamehesabu majengo ya aina hiyo zaidi ya 500, yaliyotawanyika katika vilima vya kaunti zote mbili.

Msomaji wa pwani anaposikia "jengo la mawe" hufikiria mara moja nyumba ya matumbawe na chokaa, kama zile za Lamu, au magofu ya Gedi, ambayo nayo yaliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2024. Katika majengo hayo chokaa ndiyo inayoshika. Jiwe likiwa dogo, bovu au la umbo baya, chokaa hulifichia aibu yake. Ohinga haina msaada huo. Mawe yake hayakuchongwa, wala hayakuunganishwa kwa udongo au chokaa. Fundi alijenga uso wa nje na uso wa ndani, akajaza mawe madogo katikati, na kila jiwe akalitafutia mahali ambapo litalalia wenzake na kulaliwa nao. Kuta hizo zina kimo cha kati ya mita moja na nusu na mita nne na nusu, nazo zimesimama kwa uzito wake zenyewe.

Kwa hiyo kanuni ya ohinga yaweza kusemwa kwa maneno machache: jiwe halishikwi na kitu kingine ila jiwe. Hakuna mawe mawili yaliyo sawa, na hakuna jiwe lililo la ziada. Ukiondoa la chini, la juu huanguka. Na hata la juu likiondolewa, yale ya chini hupoteza uzito uliokuwa ukiyabana. Mwanafunzi wa ushairi wa Kiswahili hapaswi kupata shida kuielewa kanuni hii. Ubeti wa kimapokeo nao husimama hivyo hivyo, bila chokaa, kwa kila neno kulibana jingine mahali pake. Wala si jambo la bahati kwamba Kiswahili kina neno moja, "mizani", kwa chombo cha kupimia uzito na kwa hesabu ya silabi katika mshororo.

Tatizo la Jina

Kabla ya kuhukumu picha, yafaa kuchunguza maneno yanayoiandama, maana mtazamaji wa mbali huongozwa na maelezo yaliyo chini ya picha kuliko anavyoongozwa na mawe.

Katika Dholuo, "thim" ni nyika au msitu, mahali pasipo na makao ya watu, na "lich" ni jambo la kutisha. "Ohinga" ni boma lililozungushiwa ukuta. Jina zima, basi, limebeba mvutano ndani yake. Katika fikra za Kiluo "thim" ni kinyume cha "dala", yaani mji wa mtu, wenye lango, zizi la ng'ombe, nyumba za wake kwa daraja zao na vibanda vya wana wa kiume karibu na lango. Kuita mahali "Thimlich Ohinga" ni kusema kwamba hapa palikuwa na makao, na kwamba nyika ya kutisha imekaribia makao hayo mno. Jina lenyewe ni simulizi fupi.

Kiswahili kinalipokeaje jina hilo? Mara nyingi ohinga hufasiriwa kuwa "ngome", na tafsiri hiyo ndiyo yenye madhara makubwa kuliko zote. Ngome, kwa msemaji wa Kiswahili, ni Ngome ya Yesu ya Mombasa au Ngome Kongwe ya Unguja. Ni jengo la dola, lenye askari na mizinga. Ohinga ililinda watu na mifugo, ni kweli, ila ilikuwa pia ni mpaka wa ukoo, na ndani yake kulikuwa na mapishi, malezi na ugomvi wa kawaida wa majirani. Neno "boma" liko karibu zaidi, kwa kuwa lina maana ya ua wa kukinga na zizi la ng'ombe. Lakini nalo lilitiwa doa na ukoloni, lilipogeuzwa kuwa jina la ofisi ya serikali. Neno "kitalu", ambalo kamusi za zamani zinalipa maana ya ua uliojengwa kwa mawe, lingefaa kwa umbo, ila wasemaji wengi siku hizi wanalijua kama mahali pa kuoteshea miche.

Liko pia suala la hali ya sasa ya mahali hapo. Waandishi wengi husema "magofu". Gofu ni jengo lililobaki mifupa, na mtazamaji wa gofu huangalia uharibifu. Dholuo hutumia "gunda" kwa mahali palipokuwa mji wa mtu na pakahamwa, na Kiswahili kina neno linalolingana nalo vizuri ajabu: "mahame". Mahame humtazama mtu aliyehama. Gofu hulitazama jiwe lililoachwa. Tofauti hiyo si ya msamiati tu. Msanii aliyeambiwa kwamba anachora magofu atachora mawe yaliyoanguka na jua linalotua. Aliyeambiwa kwamba anachora mahame atajiuliza ni nani waliotoka, walitokea lango lipi na walikwenda wapi.

Nakala, Ujenzi na Ubunifu

Sanaa ya kidijitali inayohusu majengo ya kale imo katika mafungu matatu, na wahakiki wengi hukosea kwa kuyachanganya.

Fungu la kwanza ni nakala. Vyombo vya leza na picha nyingi zilizopigwa kwa utaratibu huweza kutoa umbo la jengo kwa usahihi wa sentimita. Manufaa yake hayana ubishi. Makaburi ya Wafalme ya Kasubi, Kampala, yalipimwa namna hiyo na shirika la CyArk mwaka 2009. Tarehe 16 Machi 2010 jengo kuu, Muzibu Azaala Mpanga, likateketea kwa moto. Vipimo vilibaki, na jengo likajengwa tena hata mahali hapo pakaondolewa mwaka 2023 katika orodha ya urithi ulio hatarini. Hata hivyo, vipimo peke yake havikuezeka paa la Kasubi. Waliloliezeka ni mafundi wa Kiganda waliokuwa bado wanajua kufunga nyasi kwa taratibu za jadi. Nakala ilihifadhi umbo. Ujuzi ulihifadhiwa katika mikono na katika lugha.

Fungu la pili ni ujenzi upya, ambapo msanii hujaza yaliyopotea. Kazi iliyo bora katika Kenya hadi sasa si ya jengo la jadi, bali ni ile ya shirika la African Digital Heritage, lililoasisiwa na Chao Tayiana Maina, pamoja na Museum of British Colonialism. Kambi walikofungiwa Wakenya wakati wa hali ya hatari ya miaka ya 1950, zikiwamo Mweru na Aguthi, zilijengwa upya ndani ya kompyuta kwa kufuata mabaki yaliyopo na ushahidi wa watu waliozikumbuka. Nguvu ya kazi hiyo ni kwamba ushahidi wa mdomo haukuletwa kupamba picha iliyokwisha kutengenezwa. Uliamua mambo ya umbo.

Fungu la tatu ni ubunifu huru. Jacque Njeri, katika mfululizo wake wa mwaka 2017 uitwao MaaSci, aliwaweka Wamasai na mavazi yao katika mandhari ya sayari za mbali. Hakuna awezaye kumlaumu kwa kukosa ukweli wa kihistoria, kwa kuwa hakuuahidi. Alichokitafuta ni swali: kwa nini jamii hiyo ichorwe daima katika wakati uliopita? Mfano mwingine ni michoro ya Shujaa Stories, iliyotangazwa mwaka 2020 kwa ushirikiano na Makavazi ya Taifa ya Kenya, ambayo iliwapa wahusika wa simulizi za makabila sura ya mashujaa wa kisasa. Miongoni mwao ni Lwanda Magere wa Kano, ambaye mwili wake, kwa mujibu wa simulizi, ulikuwa jiwe, na ambaye hakuweza kuuawa ila kwa kuchomwa kivuli chake. Kisa hiki kinahusu moja kwa moja mada ya makala haya. Mchoraji anayetilia mkazo misuli ya Lwanda Magere amechora uso wa simulizi tu. Kiini chake ni kwamba kitu kigumu kuliko vyote kina uhai mahali pasipoonekana.

Mizani ya Picha

Tukirudi kwenye ohinga, ni makosa gani yanayoweza kuharibu picha yake? Matatu yanastahili kutajwa.

La kwanza ni la uzito. Katika kompyuta, njia nyepesi ya kutengeneza ukuta wa mawe ni kuchukua picha ya kipande kimoja na kukirudiarudia juu ya umbo lililo tupu ndani, mfano wa karatasi inayobandikwa ukutani. Jicho la haraka huridhika. Lakini katika picha hiyo hakuna jiwe linaloshika jiwe, na kanuni yote ya ohinga imefutwa. Upungufu huo unalingana na shairi ambalo vina vyake vimepachikwa mwishoni mwa mistari isiyo na mawazo. Msanii anayetaka kuepuka kosa hili halazimiki kuchora kila jiwe la Kochieng. Analazimika kuonyesha, walau mahali pamoja, jinsi ukuta unavyojishika.

La pili ni la mahali anaposimama mtazamaji. Picha iliyozoeleka ya ohinga ni ile inayopigwa kutoka angani: duara la kijivu ndani ya uwanda wa kijani. Ni picha nzuri, nayo inaonyesha mpango wa eneo zima. Lakini ukuta ulijengwa ili usionekane hivyo. Milango yake ni myembamba na mifupi, ikiwa na mawe marefu yaliyolazwa juu, na anayeingia hana budi kuinama. Aliyeinama hawezi kurusha mkuki, wala hawezi kuingia pasipo kuonekana na walinzi waliokaa ndani karibu na lango. Mtazamaji anayeelea juu ya ukuta amepewa uwezo ambao jengo zima lilibuniwa kumnyima. Msanii atakayemshusha chini, akampitisha langoni akiwa ameinama, atakuwa amesema juu ya ohinga jambo ambalo kitabu hakiwezi kulisema vizuri hivyo, na hapo ndipo sanaa hii mpya itakapojipatia sababu ya kuwapo.

La tatu ni la mazoea ya kuazima. Neno "mji wa kale wa mawe wa Kiafrika" likipewa programu za akili unde, zinaelekea kutoa minara, mawe yaliyochongwa sawasawa na nyumba za mawe zilizopangwa ndani. Ohinga haikuwa na nyumba za mawe. Ukuta ulikuwa wa mawe. Nyumba zilikuwa za udongo na nyasi, na kilichobaki ni alama za misingi yake. Kuijengea ohinga majumba ya mawe ni kudhani kwamba haitoshi ilivyo. Dhana hiyo ina historia mbaya. Wakoloni walipoziona kuta za Zimbabwe Kuu, ambazo pia hazina chokaa, walikataa kuamini kwamba zilijengwa na Waafrika. Anayeipamba ohinga kwa mapambo ya kuazima ana nia njema, lakini anakubaliana nao bila kujua kwamba mambo ya Mwafrika ni lazima yakuzwe ndipo yaheshimiwe.

Huenda ikasemwa kwamba uhakiki huu unamfunga msanii kamba. Mjadala huo si mgeni kwa wasomaji wa Kiswahili. Kaluta Amri Abedi alieleza sheria za kutunga mashairi mwaka 1954. Euphrase Kezilahabi akatoa Kichomi mwaka 1974, na wengi wakadhani kwamba ushairi umekwisha. Haukwisha. Kilichobainika ni kwamba mtunzi anaweza kuacha vina bila kuacha ushairi, iwapo atatia katika shairi lake mbano wa aina nyingine. Ndivyo ilivyo hapa. Msanii anaweza kuihamishia ohinga mwezini akitaka. Anaweza kuijenga kwa kioo au kwa sauti. Akiiachia kutegemeana kwa vipande vyake, itabaki ohinga. Akiiondolea hilo, hata akiiweka pale pale Nyatike itakuwa kitu kingine.

Nyumba ya Nani?

Limebaki swali ambalo ni zito kuliko yote ya umbo. Picha hulazimika kuweka watu ndani ya ukuta, na watu hao hulazimika kusema lugha fulani. Lugha ipi?

Historia ya eneo hilo haitoi jibu jepesi. Ohinga za Thimlich zilikaliwa na jamii mbalimbali kwa zamu, za Kibantu na za Kinailoti, kabla na baada ya kufika kwa Waluo, na kila waliofuata walizikarabati kuta walizozikuta. Jina tulilonalo ni la Dholuo kwa kuwa Waluo ndio waliokaa mwisho na ndio jirani wa sasa. Katika Homa Bay, hasa Mfangano, Rusinga na Gwasi, Wasuba wana lugha yao ya Kibantu ambayo kwa vizazi kadhaa imekuwa ikimezwa na Dholuo. Picha inayomwonyesha mkaaji mmoja wa milele, mwenye vazi moja na lugha moja, itamaliza kwa siku moja kazi ambayo historia imeifanya polepole: itawafuta wengine.

Hapa sanaa ya kidijitali ina nafasi ambayo jiwe halina. Ukuta mmoja hauwezi kuonyesha karne nne kwa wakati mmoja, kompyuta inaweza. Inaweza kumwonyesha mtazamaji lango lile lile likikarabatiwa na watu wa kwanza, wa pili na wa tatu, na kumsikilizisha jina la jiwe katika lugha ya kila mmoja wao. Kazi kama hiyo itahitaji wanaisimu tangu mwanzo. Wazee wanaojua kurudisha ukuta ulioanguka wana maneno ya jiwe la msingi, jiwe la kujazia na jiwe la kufungia. Maneno hayo yasiporekodiwa pamoja na vipimo vya leza, nakala itakayobaki itakuwa bubu.

Wala Kiswahili kisijitoe. Watazamaji wa Afrika Mashariki wataelezwa picha hizi kwa Kiswahili, na iwapo wanazuoni wake hawatatoa msamiati wa ujenzi huu, watafsiri wataendelea kuandika "ngome" na "magofu". Jambo la busara ni kulipokea neno "ohinga" lilivyo, kama tulivyolipokea neno "matatu" la mitaa ya Nairobi, na kulieleza kwa "mahame" pale panapohitaji maelezo.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba kubuniwa upya kwa ohinga si suala la ufundi wa mitambo peke yake. Mizizi na mvua vinalegeza mawe ya Thimlich mwaka hadi mwaka, na ohinga nyingi za vilima vya Migori na Homa Bay hazina hata ulinzi ambao Thimlich inaupata. Ipo hatari kwamba picha nzuri itachukuliwa kuwa badala ya ukarabati, na kwamba jengo litaachwa lianguke kwa kisingizio kwamba limekwisha kuhifadhiwa mahali pengine. Kasubi imetufundisha kwamba nakala husaidia pale tu ambapo wapo wanaojua kujenga.

Basi kipimo cha mwisho cha sanaa hii kiwe rahisi. Mtoto wa Nyatike au wa Ndhiwa akiishaitazama picha, je, atakuwa anajua namna ya kulirudisha jiwe moja lililoanguka, na jina la kuliita? Akijua, msanii amejenga. Asipojua, msanii amepaka rangi tu, na ukuta bado unamsubiri fundi.